Mkate wa Posa

Otilia Yescas aliijua habari kwa pua kabla hajaambiwa kwa mdomo. Alikuwa akipanda kutoka barabara kuu, panga begani, matope hadi magotini, baada ya kutwa nzima ya ujima wa kuzibua mifereji. Kwenye kona ya ghala la kahawa, kabla hata hajaliona paa la kwao, harufu ya mkate wa viini vya mayai na mdalasini ikampokea. Nyumbani kwao hapakuwa na tanuri. Mkate wa namna ile haukuokwa pale, uliletwa.

Mezani alikuta vikapu viwili vipana. Kimoja kilikuwa kimefunikwa kwa kitambaa cha kutarizi, kingine kilikuwa na makombo tu. Kando yavyo palikuwa na mabunda ya chokoleti na mishumaa mirefu ya nta, na chini ya benchi alilala batamzinga aliyefungwa miguu, akimtazama kwa jicho moja. Mama yake, Bi Tomasa, alikuwa mekoni akipiga chokoleti kwa mchi wa mti, povu likipanda.

"Umeukata," Otilia alisema.

"Umekatwa. Na mkono ulioukata ndio huu, kama unautafuta."

Pale kijijini Yalbeo, mkate wa posa ukikaa mzima mezani ni swali. Ukikatwa na kugawiwa majirani, ni jibu. Bi Tomasa alikuwa ametoa jibu wakati muulizwaji yuko mferejini akichota matope.

Alisimulia bila kugeuka. Bi Librada, mama yake Eleazar, alikuja asubuhi na kaka yake mwenye kauli nzuri, yule anayesemea watu kwenye posa. Walikaa, wakaulizana hali za mahindi na za magoti. Kisha yule mjomba akasimama na kusema maneno yake yote, marefu, mazuri, bila kukwama hata mahali pamoja. Siku ya harusi walikuja nayo wenyewe: sikukuu ya Mama Soledad, Bikira wa kanisa lao, Desemba hiihii, kabla ya mwaka mpya. Mzee Odilón, baba yake Otilia, alikuwa amekaa pale mlangoni na gongo lake. Alipoulizwa kauli yake alisema binti yake ana mdomo. Bi Librada akacheka, akasema ndiyo, kijiji kizima kinaujua mdomo huo.

"Kwa nini kabla ya mwaka mpya?" Otilia aliuliza, ingawa alijua.

"Kwa sababu una miaka thelathini na mbili. Kwa sababu umemngoja tisa. Unataka nikuongezee sababu?"

Ilikuwa kweli kwamba alimngoja. Eleazar alipoondoka kwenda Los Angeles alikuwa kijana mwembamba mwenye klarineti ya kuazima, na alimwahidi Otilia kwamba angerudi baada ya misimu miwili ya kahawa. Alipiga simu kila Jumapili, kisha kila mwezi, kisha sikukuu kwa sikukuu. Otilia hakuolewa na mwingine wala hakujieleza kwa mtu. Msimu uliopita Eleazar akarudi, mabega yamepanuka, na klarineti yake mwenyewe ya mti mweusi. Siku ya kwanza walipoonana, kwenye mlango wa kanisa, Eleazar alivua kofia. Akasahau kuirudisha kichwani. Alitembea nayo mkononi hadi kwao, juani, na watu wakacheka wiki nzima.

Kwa hiyo Otilia hakuwa na shaka juu ya mapenzi. Shaka yake ilikuwa juu ya tarehe.

Yalbeo kila nyumba ina sauti moja kwenye mkutano wa kijiji. Mwanamke asiye na mume, akitoa michango na kushika zamu zake za utumishi, anahesabiwa kuwa na sauti. Akiolewa, sauti yake humhamia mumewe pamoja na sanduku lake la nguo, na kila ngazi ya utumishi aliyopanda inahesabiwa kuwa ya nyumba hiyo mpya. Otilia alikuwa amepanda nyingi. Mzee Odilón alipoanguka kutoka kwenye paa la kanisa na kuvunjika nyonga, hakuwa na mtoto wa kiume wa kumwachia zamu. Binti akazishika: alipiga kengele, akalinda mahabusu, akawa kamati ya shule, kamati ya maji, karani. Na mwezi Novemba, mkutano ukamchagua kuwa mwamuzi wa kijiji, yule anayekata mashauri ya mipaka, anayeita ujima, na anayewaamrisha matarishi wote. Kiti hicho hakijawahi kukaliwa na mwanamke. Wakubwa wa mjini walikuwa wakisisitiza miaka kadhaa kwamba wanawake waingie, na wanaume wa Yalbeo walitii kwa namna yao: walitafuta miongoni mwa wajane na wasioolewa, kwa maana mke, walisema, anaye wa kumsemea.

Fimbo ya uamuzi ingekabidhiwa tarehe mosi Januari. Kama siku hiyo Otilia ni mke wa mtu, ingepokelewa na mtu huyo. Si jambo la kubahatisha. Miaka michache nyuma mjane mmoja alichaguliwa mtunza hazina, akaolewa kabla ya kuapa, na aliyeapa ni bwana harusi.

"Fimbo itakuja nyumba ileile," Bi Tomasa alisema. Sasa aligeuka, na macho yake yalikuwa mekundu, si kwa moshi peke yake. "Mwanangu, fimbo ni ya mwaka mmoja. Mwaka ukiisha unairudisha, unabaki na mikono mitupu. Mume humrudishi."

"Itakuja nyumba ileile, mama, lakini mimi nitakuwa jikoni."

"Na mimi niko wapi sasa hivi? Nimekufa?"

Otilia alivua viatu, akavipanga nje, akanawa miguu kwa maji baridi ya pipa. Baba yake, palepale mlangoni, alimsogezea taulo kwa ncha ya gongo.

*

Kesho yake, jua lilipopanda vya kutosha kukausha umande kwenye mapaa ya zege, alimfuata Eleazar kwao. Alimkuta juu ya paa, peke yake, akigeuza kahawa iliyoanikwa kwa reki ya mti, huku akivumisha puani sehemu yake ya wimbo wa bendi. Otilia alisimama kwenye ngazi akamtazama kwa kitambo. Alikuwa amekunja mikono ya shati. Kwenye mkono wa kushoto alikuwa na kovu refu la mafuta ya moto alilotoka nalo kule kaskazini, na kila Otilia alipoliona alitamani kuliwekea kiganja.

"Mheshimiwa mwamuzi," Eleazar alisema, bila kugeuka. "Umekuja kunikamata, au umekuja kunipumzisha mgongo?"

"Umejuaje ni mimi?"

"Hakuna mwingine anayepanda ngazi hii kama anaidai." Akageuka. Kicheko alichokuwa nacho kilimjia mpaka machoni, kisha kikaona uso wake, kikasimama njiani. "Oti. Mkate haukuwa mtamu?"

"Sijauonja."

Upepo ulikuwa umebadilika. Kutoka bondeni ukungu ulikuwa unapanda, mweupe, mzito, ukimeza mikahawa safu kwa safu. Kahawa ikilowa baada ya kuanza kukauka inaota kuvu, na kazi ya miezi inanuka gunia. Eleazar alitupa macho bondeni na kulaani kwa sauti ndogo. Otilia alikuwa tayari ameshika ncha ya turubai.

Wakaikusanya pamoja, yeye kwa reki, Otilia kwa ubao, wakiisukuma kahawa iwe tuta katikati ya paa. Mikono yao ilikutana kwenye tuta mara kwa mara. Walikuwa wamefanya kazi hii wakiwa vijana, juu ya paa hilihili, na miili yao ilikumbuka nani anaanza kona ipi. Ndiyo maana ilikuwa rahisi kusema, kwa kuwa hawakulazimika kutazamana.

"Ulijua?" Otilia aliuliza.

"Kwamba nakupenda? Nilijua zamani, kabla hata wewe hujajua."

"Kwamba tukioana kabla ya mwaka mpya, fimbo ni yako."

Reki ilikwama, kisha ikaendelea. Eleazar hakuwa mwongo. Hilo lilikuwa mojawapo ya mambo Otilia aliyoyapenda kwake, na siku hiyo lilimuumiza kuliko uongo.

"Mama alinieleza," alisema. "Sikuona ubaya wake. Wala sasa sijauona. Kazi itakuwa yako, Oti. Nani hapa hajui kwamba wewe ndiye mwenye kichwa? Mimi nitasimama pale mbele na ile fimbo kama mlingoti. Usiku utanielekeza, asubuhi nitasema. Utaamua wewe kila kitu."

"Na watakaokuja na kesi zao watamsalimu nani?"

"Sisi."

"Watamsalimu nani, Eleazar?"

Walivuta turubai juu ya tuta, kila mmoja upande wake, na likavimba kwa upepo katikati yao. Otilia alipiga goti juu ya ukingo ili lisiruke.

Alikuwa ameyapanga maneno yake tangu alfajiri, kama anavyopanga mashahidi. Aliyatoa kwa utaratibu. Alisema hakatai ndoa. Alisema anaomba mwaka mmoja. Mwakani, siku kama ile, Bi Librada alete mkate, naye Otilia ataukata kwa mkono wake mwenyewe na kuugawa nyumba hata nyumba, hata kwa watu asiosemezana nao. Baada ya hapo sauti iende zilikokwenda sauti za wanawake wote wa Yalbeo, atakuwa amekwisha kuitumia.

"Mwaka mmoja," Eleazar alisema. "Na katika mwaka huo mimi ni nani?"

Hapo ndipo walipofika wote wawili, na wote wawili walikuwa wamejua tangu Novemba kwamba watafika. Mkutano uleule uliomchagua Otilia ulikuwa umemkumbuka na Eleazar. Mwanamume wa miaka thelathini na minne ambaye hajawahi kushika zamu hata moja: aanzie chini kama wote. Aanze utarishi.

"Tarishi," Otilia alisema.

"Tarishi wako."

"Wa kijiji."

"Wako. Nije asubuhi na ufagio, nivue kofia, niseme, mama mwamuzi, leo unanituma wapi? Walevi wakitapika mahabusu, nani atafuta? Nani atashika taa nyuma yako ukienda kupima mipaka? Mama yangu anasema afadhali angezaa punda, punda angebeba bila watu kucheka."

"Watacheka wiki mbili. Mimi walinicheka miaka mitatu. Nilipopiga kengele ya kwanza walisema itapasuka."

"Wewe ni tofauti."

"Kivipi?"

Eleazar alikaa juu ya gunia. Ukungu ulikuwa umefika, umewazunguka, na nyumba za jirani zilikuwa zimetoweka. Palibaki paa lile na wao wawili. Alianza kusema kwa sauti ya chini, na Otilia akajua kwamba haya hayakupangwa na mtu.

Alisema kuhusu jiko la kule kaskazini. Miaka tisa ya masufuria. Kulikuwa na kijana mmoja, mdogo kwake kwa miaka mingi, mkuu wa zamu, ambaye hakuwahi kujifunza jina lake. Alikuwa anapiga mluzi. Mluzi mmoja ni leta sahani, miwili ni futa sakafu. "Usiku nikilala nausikia. Nilikuwa najiambia, vumilia, Eleazar, iko siku utarudi nyumbani, na nyumbani hakuna atakayekutuma tena. Hiyo ndiyo pesa niliyokuwa naweka akiba. Si ile nyingine."

Otilia alishuka magotini mbele yake. Aliushika ule mkono wenye kovu, akauweka shavuni kwake, na hakuona aibu.

"Mimi sitakupigia mluzi," alisema. "Nitakuita kwa jina."

Alimwona akilisikia. Kwa pumzi kama mbili tatu aliamini kwamba amempata, kwamba wamevuka. Kisha Eleazar akatikisa kichwa, polepole, kama mtu anayekataa chakula anachokitamani.

"Nipende kuliko ile fimbo, Oti. Sikuombi kingine."

"Nakupenda kuliko ile fimbo."

"Basi."

"Basi ningojee nimalize. Ungesema niiache, irudi mkutanoni achaguliwe mwingine, ningelia, ningewaza, labda ningeiacha. Hukusema hivyo. Hukuniomba niiache. Uliniomba nikupe wewe."

Kutoka chini ya ukungu jogoo mmoja aliyepotewa na saa aliwika. Eleazar alinyoosha mkono akatoa ganda la kahawa lililokwama kwenye msuko wa Otilia, akalishika kati ya vidole kama kitu cha kuhifadhiwa.

"Mkate ukirudi," alisema, "mama haji mara ya pili. Unamjua."

"Namjua."

"Na mimi sijui kama naweza kuishi kijiji kimoja na wewe nisiwe wako."

"Hilo usiniulize mimi," Otilia alisema. "Hilo nami najiuliza."

Aliposhuka ngazi hakushuka kama anayeidai.

*

Mkate wa posa uliokatwa haurudishwi vipande. Unaoka mwingine, wa unga uleule na idadi ileile, unafunika kwa kitambaa kilekile, unaupeleka mchana, mbele ya watu. Watu wengi huona afadhali kuolewa.

Bi Tomasa alikataa kugusa unga. Alijifunika shali, akakaa chumba cha ndani na rozari yake, na kila alipofikia mwisho wa fungu moja la sala alipandisha sauti ili asikike jikoni. Mzee Odilón alikwenda mwenyewe kwa gongo lake kuazima tanuri la jirani. Aliporudi alivuta benchi, akakunja mikono ya shati, akaingiza mikono kwenye beseni la unga mpaka viwiko.

"Baba, acha."

"Kulia siwezi kukusaidia," alisema. "Kukanda naweza."

Walikanda. Kufika saa tatu wanawake wa jirani, wale waliokula mkate wa kwanza, walianza kupita mlangoni. Hakuna aliyeeleza kilichomleta. Mmoja aliacha mdalasini. Mwingine aliacha unga, akasema tu kwamba ule mkate ulikuwa mtamu na anasikitika kuumaliza. Bi Praxedis, ambaye mumewe hakosi mkutano hata mmoja na hakosi kulala humo, alileta mayai kwenye sketi.

"Mume wangu amesema nikuletee haya," alisema.

"Mshukuru sana."

"Nitamshukuru. Bado hajajua kama amesema."

Otilia alicheka, na kicheko kikageuka kikawa kile kitu kingine, akalazimika kuinamia meko, aseme moshi umemwingia. Bi Praxedis alimpapasa mgongoni, akaondoka bila kumtazama, kwa heshima.

Alivibeba vikapu mwenyewe, kimoja kichwani, kimoja kiunoni, barabara ya katikati, mchana wa jua kali. Milango ilikuwa wazi na imejaa watu. Kutoka juu ya paa la Bi Librada ilisikika klarineti, mtu akipanda na kushuka ngazi za sauti kama anayejizoeza. Otilia alipokanyaga kizingiti ikanyamaza.

Bi Librada alivipokea. Aliinua kitambaa, akaukagua mkate kwa macho ya mtu anayejua kuoka, asipate kasoro.

"Wanawake kama wewe," alisema taratibu, "huzeeka na funguo za ofisi. Halafu nazo hunyang'anywa."

"Ndiyo, mama," Otilia alisema, kwa sababu huyu alikuwa awe mama yake. "Kwaheri."

Kule juu hakukurudi sauti.

*

Lakini binadamu hupenda kutazamia mvua hata kisima kikiwa kimekauka. Sikukuu ya Mama Soledad ilipita, na siku hiyo, ambayo ingekuwa ya harusi yake, Otilia alichuma kahawa tangu alfajiri mpaka vidole vikaota weusi. Krismasi ikapita. Aliambiwa kwamba Eleazar bado anakwenda mazoezi ya bendi. Aliambiwa kwamba ameulizia kwa mkuu wa matarishi kama ufagio ni wa kuja nao au unatolewa. Habari hiyo ya ufagio aliibeba siku nyingi kama kaa la moto kwenye kigae, akiifunika ili isizimike. Hakumtafuta. Alikuwa ameomba mwaka; mwenye kuomba mwaka hawezi kukosa subira ya siku chache.

Asubuhi ya mwaka mpya alivaa blauzi ya bibi yake, nyeupe, yenye nyuzi ndefu za hariri kifuani. Bi Tomasa, ambaye hakuwa amemsemesha zaidi ya chumvi na maji tangu siku ya tanuri, alisimama nyuma yake akamsuka nywele. Alizikaza mno. Alipomaliza aliviacha viganja vyake mabegani mwa binti yake kwa muda.

"Usiiname ukiipokea," alisema. "Wanaume hawainami."

Uwanja mbele ya ofisi ya kijiji ulikuwa umejaa. Wanawake walikuwa upande wa kanisa, na mashali yao. Wanaume mbele, kofia mikononi. Mwamuzi wa zamani alisema maneno machache ya kumtakia nguvu, akamkabidhi fimbo: mti mweusi, kichwa cha fedha, utepe wa rangi nyingi. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Otilia hakuinama. Bendi ikaanza.

Wimbo wa kukabidhi fimbo ni uleule kila mwaka, na hakuna mtoto wa Yalbeo asiyeujua. Matarumbeta hutangulia, ngoma hufuata, kisha katikati vyombo vyote hunyamaza na klarineti hupanda peke yake, pumzi chache, kama mtu anayepandisha kilima akiwa na furaha, na wengine humpokea kileleni.

Matarumbeta yalitangulia. Ngoma zikafuata. Kisha vyombo vyote vikanyamaza.

Hakuna aliyejaza. Mkuu wa bendi aliendelea kupiga mapigo kwa mkono, macho chini, na wapigaji wakangoja pumzi zile zipite, tupu, mpaka mahali pao pakafika, wakaingia. Watu waliangalia viatu vyao. Otilia aliangalia mbele. Sasa alijua, lakini kazi ya mwamuzi si kujua. Ni kuuliza mbele ya mashahidi.

Kazi ya kwanza ya mwamuzi mpya ni kuita matarishi. Kila anayeitwa husogea, huchukua ufagio kutoka ukutani, na kusema, nipo kwa amri ya kijiji. Asiyekuwapo huitwa mara tatu, na kati ya mwito na mwito mwamuzi lazima angoje kiasi cha mtu kutoka kanisani kufika uwanjani, asije akaonewa. Mwito wa tatu ukipita bila jibu, mtu huyo hana sauti tena Yalbeo, wala nyumba yake haimhesabu, mpaka siku atakayorudi na kuanza upya. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kulitamka hilo. Hata mwenyekiti wa kijiji haruhusiwi.

Wa kwanza aliitika. Wa pili aliitika. Fagio zilipungua ukutani.

"Eleazar Montaño Illescas," Otilia aliita.

Alilitaja kama jina lolote, kwa sauti ya ofisi. Akangoja. Upande wa wanawake, Bi Librada alikuwa amejiziba mdomo kwa shali, na macho yake, ambayo hayakuwa na dharau tena, yalikuwa yakimsihi. Otilia alielewa wakati huohuo kwamba mama huyu hakujua. Alikuwa ameamka asubuhi akakuta kitanda kimetandikwa na ndoano ya klarineti haina kitu, kama yeye Otilia alivyokuwa ameukuta wimbo. Walikuwa wameachwa pamoja.

"Eleazar Montaño Illescas."

Alitazama barabara. Ilikuwa nyeupe kwa jua, ikishuka zigizaga mpaka bondeni kunakopita basi la kwenda mjini. Kwa umbali ule mtu angeonekana, akitembea, hata akiwa mdogo kama punje. Alingoja zaidi ya kiasi cha mtu kutoka kanisani. Alingoja kiasi cha mtu kutoka ghala la kahawa, akiwa na mzigo, akiwa amechelewa, akiwa ameghairi. Mzee mmoja alikohoa. Karani aliinua macho. Hakuna aliyemharakisha, na hilo, miaka yote iliyofuata, Otilia hakulisahau kwa kijiji chake.

Mara ya tatu hakutaja ukoo. Alishika fimbo kwa mikono yote miwili, asibaki na wa kujipangusa macho.

"Eleazar," aliita, kama alivyoahidi.

Upepo uliinua utepe wa fimbo ukaushusha. Ukutani palibaki fagio mbili, na tarishi wa mwisho alikuwa bado hajaitwa.

"Hayupo," alisema mwamuzi wa Yalbeo, na sauti yake ikafika mpaka nyuma.